Betri ya Gari: Jinsi ya Kuichomoa na Kuirudishia Nyumbani Bila Kuumia



Kila ikikaribia likizo, wengi wetu huku ughaibuni tunaanza kuhesabu siku za kwenda nyumbani kusalimia wazee. Gari linabaki barabarani au gereji wiki nne, sita, wakati mwingine miezi miwili. Ukirudi na mabegi yako unakuta gari limekufa kabisa. Sababu yake ni kwamba saa, king'ora na vifaa vingine vya umeme vinaendelea kunyonya betri kidogo kidogo hata gari likiwa limezimwa. Ndiyo maana watu wengi huchomoa waya wa betri kabla ya kusafiri. Wengine huitoa kabisa ili waweke mpya kabla ya baridi kuanza, maana fundi wa huku ni ghali.

Mtauliza, muuguzi na betri wapi na wapi? Mimi siyo fundi wa magari. Lakini mtu akikosea kwenye kazi hii, haendi kwa fundi, anakuja kwetu hospitali. Anakuja na jicho lililoingiwa na asidi, kidole kilichoungua kwa pete yake mwenyewe, au mgongo uliokataa kunyooka. Yote haya yanazuilika, na kinga ni bora kuliko tiba. Basi leo tuzungumze kazi hii hatua kwa hatua, na mwishoni nitaeleza la kufanya mtu akiumia.

BETRI INA NINI NDANI?

Betri ya kawaida ya gari ina sahani za madini ya risasi zilizozama ndani ya asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Kwenye betri iliyojaa chaji, asidi ni zaidi ya theluthi moja ya uzito wa mchanganyiko huo. Nyumbani tumezoea kuiita "maji ya betri", na jina hilo limewaponza watu wengi. Hayo siyo maji. Ni tindikali inayotoboa nguo, inayounguza ngozi, na inayoweza kumpofusha mtu.

Hatari nyingine ni hewa. Betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo haina rangi wala harufu. Ikifika asilimia 4 tu ya hewa iliyopo, cheche moja inatosha kuilipua. Betri ikilipuka, asidi na vipande vya plastiki huruka usoni kwa mtu aliyeinama juu yake.

Hatari ya tatu ni umeme. Hapa wengi hukosea kufikiri. Volti 12 haziwezi kumrusha mtu kama umeme wa nyumbani, kwa hiyo watu huona betri haina madhara. Lakini chuma kikigusa pande zote mbili kwa pamoja, kinapiga shoti na mamia ya ampea hupita mara moja. Spana inakuwa moto sana kwa muda mfupi. Kama chuma hicho ni pete iliyo kidoleni, unaungua kidole kizima kwa mzunguko, na pete huwezi kuivua.

Mwisho ni uzito. Betri nyingi ni kati ya kilo 12 na 20, yaani karibu na gunia dogo la mchele, na huwa mahali ambapo lazima uiname ndipo uifikie.

KABLA YA KUANZA

Kwanza soma kitabu cha gari lako. Magari ya siku hizi yanatofautiana. Mengine betri iko chini ya boneti, mengine iko kwenye buti au hata chini ya kiti. Angalia kama redio ina namba ya siri ambayo utaombwa umeme ukirudi. Kama betri iko kwenye buti na buti hufunguka kwa umeme, hakikisha unajua kuifungua kwa ufunguo wa kawaida, usije ukajifungia nje. Kumbuka pia kwamba ukichomoa betri, king'ora hakitafanya kazi, basi angalia bima yako inasemaje.

Kisha fanya haya:

1. Weka gari mahali pa wazi penye hewa, pasipo na mteremko. Vuta breki ya mkono.

2. Zima injini, taa, redio na kila kitu. Toa ufunguo na uuweke mbali na gari. Subiri kama dakika 10 ili mitambo ya umeme itulie.

3. Vua pete, saa, bangili, mkufu na shanga. Najua kina mama bangili za dhahabu hazivuliwi ovyo, lakini kwa kazi hii zivueni. Kina baba na pete za ndoa vilevile. Ncha za mtandio, skafu au tai zichomekwe ndani ya nguo.

4. Vaa miwani ya kukinga macho, ile ya mafundi inayoziba pembeni. Miwani ya kusomea haitoshi. Vaa glavu za mpira na nguo za mikono mirefu ambazo huzionei uchungu.

5. Hakuna sigara, kiberiti wala mshumaa karibu. Gizani tumia tochi.

6. Watoto wabaki ndani. Maji ya bomba yawe karibu, au weka ndoo ya maji safi pembeni yako.

7. Itazame betri kabla hujaigusa. Kama imevimba, imepasuka, inavuja, imeganda kwa barafu, au inatoa harufu ya mayai yaliyooza, iache na uite fundi. Harufu hiyo ni dalili kwamba imechajiwa kupita kiasi. Betri iliyoganda usijaribu kuichaji kabisa.

Ndugu zetu walioko Oman na nchi nyingine za Ghuba, kwenu tatizo ni joto. Fanyeni kazi hii alfajiri au jioni, na gari liwe limepoa, kwani chini ya boneti wakati wa kiangazi panaunguza hata bila betri kuhusika.

KUCHOMOA: HASI KWANZA

Kila betri ina vichwa viwili. Kimoja ni chanya, chenye alama ya jumlisha (+), na mara nyingi waya wake ni mwekundu. Kingine ni hasi, chenye alama ya kutoa (−), na mara nyingi waya wake ni mweusi. Usiamini rangi peke yake, maana fundi aliyekutangulia huenda aliweka waya wowote aliokuwa nao. Tafuta alama iliyochorwa kwenye betri yenyewe.

1. Legeza nati ya upande wa HASI kwa spana. Magari mengi hutumia spana namba 10 au 13. Usiigongegonge kwa nyundo. Izungushe kidogo kidogo huku ukiivuta juu.

2. Waya wa hasi ukitoka, uviringishe kwa kitambaa kikavu na uusogeze pembeni ili usiweze kurudi wenyewe na kugusa kichwa cha betri.

3. Kama unasafiri tu na betri inabaki ndani ya gari, umemaliza. Waya mmoja wa hasi unatosha. Funga gari kwa ufunguo, na safari njema.

4. Kama unaitoa betri kabisa, sasa ndipo unalegeza upande wa CHANYA. Kisha fungua kile chuma au mkanda unaoishikilia betri.

5. Kuinyanyua, simama karibu nayo, kunja magoti, mgongo uwe umenyooka, na uinyanyue ikiwa wima bila kuilaza. Usigeuze kiuno ukiwa umeibeba; geuza miguu. Mwenye matatizo ya mgongo, mjamzito, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni asiibebe. Amwite mtu.

Kwa nini hasi kwanza? Kwenye magari ya kawaida, upande wa hasi umeunganishwa na bodi yote ya gari. Ukianza na chanya na spana yako ikagusa chuma chochote cha gari, umeshapiga shoti. Ukiwa umetangulia kuchomoa hasi, njia ya umeme imekatika, na spana ikigusa bodi hakuna kitakachotokea. Likikuponyoka lingine lote, usisahau hili: KUTOA, HASI KWANZA, KURUDISHA, HASI MWISHO.

KURUDISHIA: CHANYA KWANZA

1. Vaa tena miwani na glavu. Hakikisha kila kitu cha gari kimezimwa.

2. Kama vichwa vya betri vina unga mweupe au wa kijani, usiupulize kwa mdomo na usiuguse kwa mkono mtupu. Changanya bikaboneti ya soda (siyo hamira) na maji kidogo, paka kwa mswaki wa zamani, halafu futa kwa kitambaa chenye maji na ukaushe. Mchanganyiko usiingie kwenye matundu ya betri. Mswaki huo utupe.

3. Weka betri mahali pake na uifunge mkanda wake. Betri inayochezacheza inaweza kupasuka.

4. Funga waya wa CHANYA kwanza, ukaze, kisha rudisha kifuniko chake cha plastiki kama kipo.

5. Funga waya wa HASI mwisho. Cheche ndogo wakati waya unagusa ni jambo la kawaida. Ukiona cheche kubwa, simama na uangalie kama hujabadilisha pande au kuacha kitu kimewashwa.

6. Kaza nati mpaka waya usizunguke kwa mkono. Ukikaza kupita kiasi, kichwa cha betri kitavunjika kwani risasi ni laini.

7. Washa gari. Saa na redio utazipanga upya, na injini inaweza kunguruma vibaya kidogo mwanzoni. Madirisha ya umeme pia yanaweza kuhitaji kupangwa upya. Kitabu cha gari kitakuelekeza.

8. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kuvuta sigara au kumbeba mtoto. Nguo za kazi zifue peke yake.

WENYE MAGARI YA HAIBRIDI NA YA UMEME

Ndugu zetu wengi wanaoendesha teksi wana Toyota Prius na magari yanayofanana nayo. Magari haya yana betri mbili. Ndogo ni ya volti 12, na katika baadhi yake iko nyuma kwenye buti. Kubwa ina mamia ya volti, na hiyo INAUA. Waya zake zina rangi ya machungwa. Usiziguse, usizifungue, usizisafishe. Hata ile ndogo, fuata kitabu cha gari neno kwa neno, na kama huna uhakika mwite fundi aliyesomea magari hayo.

MOSHI WA GARI GEREJI

Wakati wa baridi mtu huwasha gari ndani ya gereji ili betri ipate chaji huku yeye akikwepa theluji. Usifanye hivyo, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, hewa isiyoonekana na isiyonuka. Humfanya mtu aumwe kichwa, asikie kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hupoteza fahamu na kufa. Hewa hiyo hupenya hadi vyumbani kama gereji imeshikana na nyumba. Familia nzima ikianza kuumwa kichwa kwa wakati mmoja, tokeni nje wote mara moja na mpige simu ya dharura.

Vilevile, tunaoishi ghorofani, betri haichajiwi jikoni wala chumba cha kulala. Ile haidrojeni niliyoitaja hujikusanya ndani.

MTU AKIUMIA

Asidi ikiingia jichoni: Kila sekunde ina thamani. Usiende kwanza kutafuta dawa wala simu. Osha jicho kwa maji mengi ya bomba yanayotiririka, angalau dakika 20, kwa saa. Fungua kope kwa vidole hata kama inauma. Lala au inama upande ili jicho lililoingiwa liwe chini, maji yasipeleke asidi kwenye jicho lingine. Lenzi za macho zitoke kama zinatoka kwa urahisi. Mtu mwingine apige simu ya dharura huku wewe ukiendelea kuosha. Usilisugue jicho. Hata maumivu yakiisha, lazima uende hospitali.

Asidi ikimwagika kwenye ngozi: Vua nguo iliyoloa, osha kwa maji yanayotiririka dakika 20. Usipake bikaboneti juu ya ngozi wala kuitia jichoni. Hiyo ni ya chuma, siyo ya mwili.

Ukiungua kwa pete au spana: Vua pete haraka kabla kidole hakijavimba, ila kama imegandamana na ngozi usiivute. Weka mahali palipoungua chini ya maji baridi ya bomba dakika 20. Siyo barafu. Kisha funika kwa ile nailoni safi ya kufunikia chakula bila kukaza. Kidole kilichoungua mzunguko mzima lazima kionwe na daktari, kwani uvimbe unaweza kukata damu.

Asidi ikimezwa: Mtu asukutue mdomo na ateme. USIMTAPISHE, kwani itamuunguza mara ya pili ikipanda. Piga simu ya dharura papo hapo.

Sasa niseme wazi jambo ambalo naomba tusioneane haya. Dawa ya meno, asali, samli, ute wa yai na unga wa ngano havipakwi kwenye jeraha la moto. Maziwa ya mama hayatiwi kwenye jicho lililoingiwa asidi. Najua tumelelewa hivyo, na waliotufundisha walitupenda. Lakini vitu hivi vinazuia joto kutoka, vinaleta maambukizo, na vinapoteza dakika ambazo jicho linahitaji maji.

Jambo lingine kwa watu wa ngozi nyeusi. Vitabu vingi husema ngozi iliyoungua huwa nyekundu. Kwetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Angalia ngozi iliyozidi kuwa nyeusi, iliyopauka au kuwa nyeupe, malengelenge, uvimbe, au mahali ulipopoteza hisia. Mahali palipoungua na hapaumi panaweza kuwa ndipo palipoungua zaidi. Mwambie daktari rangi yako ya kawaida ilikuwaje kabla.

USIOGOPE KUPIGA SIMU

Namba za dharura: Uingereza 999, Marekani na Kanada 911, nchi za Umoja wa Ulaya 112, Oman 9999. Marekani kuna pia simu ya sumu, 1-800-222-1222, saa 24. Uingereza, kwa ushauri usio wa dharura, piga 111. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, sema neno "Swahili" na uombe mkalimani.

Wapo wanaobaki nyumbani na jicho linalouma kwa kuogopa bili au makaratasi. Uingereza, matibabu ndani ya kitengo cha dharura hayatozwi mtu yeyote, hata kama makaratasi yake hayajakamilika. Ni akilazwa ndipo baadhi ya watu wanaweza kudaiwa. Marekani, sheria ya mwaka 1986 inazitaka hospitali zenye kitengo cha dharura zimpime na kumtuliza mgonjwa wa dharura bila kujali uwezo wake wa kulipa. Bili inaweza kuja baadaye, na bili huzungumzwa. Jicho likishapofuka halizungumzwi.

WATOTO NA BETRI KUUKUU

Risasi iliyomo ndani ya betri haina kiwango ambacho tunaweza kusema ni salama kwa mtoto. Huharibu ubongo unaokua, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Sisi wa pwani tuna ushahidi karibu. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofungwa mwaka 2014 kiliacha risasi kwenye udongo na katika damu za wakazi. Phyllis Omido, aliyefanya kazi hapo na ambaye mwanawe mchanga aliugua kwa risasi, aliongoza mapambano hayo na kupewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015.

Kwa hiyo usiivunje betri kuukuu kutafuta risasi, usiimwage asidi kwenye sinki wala bustanini, na usiifiche katikati ya mizigo ya kontena. Wauzaji wengi wa betri huipokea ya zamani unaponunua mpya, au ipeleke kituo cha taka cha halmashauri. Mpaka siku hiyo, iweke wima, nje ya nyumba, mtoto asipofika. Na kamwe usihifadhi maji ya betri kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi.

Haya ndugu zangu, mkisafiri salimieni nyumbani. Ukurasa huu uchapishe na uuweke ndani ya gari, pamoja na miwani na glavu. Ukiona kazi hii huiwezi, mwite jirani anayeiweza, siyo aibu.

Nawatakia afya njema.
Muuguzi wenu